Hotuba Fupi kwa Kamati ya Harusi ya Boito Kuhusu Zumari ya Kiriba

Chamgei! Nimesema, chamgei! Na nyie mliokaa nyuma karibu na masufuria, itikeni pia. Muziki wa upepo huanza na pumzi ya msikilizaji.

Bwana Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, Mchungaji, wazee wenye kofia na fimbo, akina mama wenye mashali, vijana mnaojifanya mnasoma ratiba kwenye simu: mimi ndiye. Kwenye karatasi ya ajenda nimeandikwa "mgeni", lakini hilo ni kosa la mchapaji. Nilipaswa kuandikwa Mshauri Mkuu wa Itifaki, Upepo na Maandamano ya Harusi, Konoin na Viunga Vyake. Cheo hicho sikupewa na mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye elimu ya kutosha kunipa. Nilijipa mwenyewe, mbele ya mashahidi, nao hawakupinga.

Nimeitwa kwa jambo moja. Bwana harusi mtarajiwa, kijana wetu anayeuguza wagonjwa huko Glasgow, ameandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati kwamba siku ya harusi yake, mwezi wa Agosti, hapahapa Boito, angependa apigiwe bagipaipu. Mnakumbuka kundi lilivyonyamaza. Hakuna aliyeandika neno mpaka jioni, kisha mzee mmoja akatuma kidole gumba kwa bahati mbaya, na Mama Mweka Hazina akauliza, "Kilo moja ni pesa ngapi?" akidhani ni aina ya nyama. Hapo ndipo mwenyekiti alipokumbuka kwamba eneo bunge zima lina mtaalamu mmoja tu wa somo hili. Nashukuru kwa nauli ya boda boda. Salio nitalitaja mwishoni.

Kwanza tuelewane hiyo bagipaipu, ambayo mimi naiita zumari ya kiriba, ni kitu gani. Kuna kiriba, ambacho mpigaji hukibana kwapani. Kuna bomba la kupulizia. Kuna mabomba matatu yanayolala begani, nayo hunguruma sauti ileile moja kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake. Na mbele kuna filimbi yenye matundu, inayochezwa kwa vidole, yenye noti tisa. Tisa tu, akina mama. Kwaya ya hapa huzimaliza noti tisa kabla ya kufika kwenye kiitikio. Mpigaji hujaza kiriba kwa pumzi, na anapotaka kuvuta hewa hukikandamiza kwa mkono, basi sauti inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapa ndipo penye elimu, andikeni. Chombo hiki hakina kunong'ona na hakina kupaza. Kina sauti moja, nayo ni kubwa. Pia hakina kunyamaza katikati. Mpigaji akitaka kurudia noti ileile mara mbili, hawezi kuikata. Inabidi achomeke vinoti vya haraka katikati ili sikio litambue kwamba ya kwanza imekwisha na ya pili imeanza. Sasa waangalieni wazee wetu kwenye koito, wanapojadili mahari. Mzee husema neno moja, akanyamaza, akaitazama fimbo yake, akasema la pili. Zumari ya kiriba haina mahali pa kuitazama fimbo. Kwa hiyo natoa agizo la kwanza la kitaalamu: wakati wa mazungumzo ya ng'ombe, mpigaji huyu akae mbali, ikiwezekana ng'ambo ya mto. Isipokuwa, na hili nalisema kwa upande wa bwana harusi pekee, pale wakwe watakapoanza kutaja ng'ombe wa nyongeza. Hapo mwiteni.

Naona Mzee wa pale mbele ameinua fimbo. Anauliza, kwa nini tulete kelele za Wazungu wakati tuna za kwetu? Swali zuri, la mtu ambaye hajasoma. Nitalijibu kwa undani.

Mzee wangu, zumari hiyo si ya Wazungu. Ile inayochongwa Uskoti leo, yale mabomba meusi yanayong'aa, ni mbao ya mpingo. Zamani walichonga kwa miti ya kwao, wakahamia mbao ngumu za makoloni zilizoletwa na meli, na mwishowe wakatulia kwenye mpingo, na hadi leo mchongaji anayejiheshimu haugusi mti mwingine. Mpingo wenyewe unatoka wapi? Tanzania na Msumbiji. Ni mti wa taifa wa Tanzania, uleule wanaouchonga Wamakonde. Hukua taratibu mno; mti wa kukatwa leo huenda ulichipuka kabla ya babu yako kutahiriwa. Kiini chake ni kizito hata hakielei majini. Kule Kilwa vijiji vina misitu yao ya mpingo, na mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kwamba mti unakatwa kwa utaratibu na kijiji kinalipwa. Na zile pete nyeupe zinazopamba mabomba ya zamani ni pembe za ndovu, na ndovu, nawakumbusha, hachungwi Edinburgh.

Kwa hiyo, mbao ni yetu. Pete ni zetu. Kiriba cha asili ni ngozi ya mnyama, ingawa siku hizi wengi hutumia kitambaa cha kisasa kisichovuja, na ngozi tunazo. Kilichotoka kwao ni pumzi na kiburi, na kiburi hatujawahi kupungukiwa hapa. Mkiita zumari ya kiriba hamumwiti mgeni. Mnamwita mpwa aliyelelewa ng'ambo akarudi na lafudhi.

Mzee anasema Kilwa si Boito. Jiografia hiyo naijua. Nasogea karibu zaidi.

Simameni kidogo mtazame nje ya hema. Yule ng'ombe mwekundu mwenye mabaka meupe, aliyefungwa karibu na choo, ni ng'ombe gani? Ayrshire! Mmesema wenyewe. Na Ayrshire ni wapi? Ni wilaya ya kusini-magharibi mwa Uskoti, na ndiko walikozaliwa hao ng'ombe mnaowakama kila alfajiri na ambao, kwa taarifa niliyopewa na Mweka Hazina, watakuwa sehemu ya mahari ya harusi hii. Mahari yenu tayari yanazungumza Kiskoti! Ng'ombe yule siku akisikia zumari atainua kichwa, atakumbuka nyanya yake, na maziwa yataongezeka. Hilo bado halijathibitishwa, lakini mimi nimelifikiria sana.

Tafadhali, utulivu. Mzee amesema, "Basi watutumie ng'ombe, huyo mpulizaji abaki." Nayapokea makofi hayo kama yangu.

Tuendelee na chai, maana hakuna hoja inayosimama Boito bila kuegemea chai. Kampuni ya James Finlay ilianza Glasgow mwaka 1750. Katika miaka ya 1920 ilikuja Kericho, ikapanda chai kwenye ardhi ambayo wazee wenu wangali wanaidai, ikachuma kwa karibu miaka 100, na mwaka 2023 mashamba hayo yakauzwa kwa Browns ya Sri Lanka. Wachumaji walioumia migongo walifikisha kesi yao mpaka mahakamani Edinburgh. Sasa nauliza kama mwanasheria, ingawa mimi si mwanasheria: ikiwa mgongo wa mtu wa Kericho unaweza kusafiri hadi Edinburgh kutafuta haki, pumzi ya mtu wa Edinburgh inashindwaje kusafiri hadi Boito kutafuta chapati? Natoa hoja kwamba mpiga zumari mmoja, katika harusi moja, ahesabiwe kuwa malipo ya awali ya deni la Glasgow.

Naona hoja hiyo imewaudhi wazee. Wanasema ardhi kwanza. Sawa. Nairekebisha: zumari ihesabiwe kuwa riba, mtaji ubaki palepale unapodaiwa.

Na undugu upo tayari. Ian Orchardson, mwana wa mchoraji maarufu aliyezaliwa Edinburgh, Sir William Quiller Orchardson, aliishi Kericho, akaoa binti wa Kikipsigis, akaandika kitabu kinachoitwa The Kipsigis, kilichochapishwa mwaka 1961 yeye akiwa ameshafariki. Mtoto wa Mskoti, shemeji wa hapa! Anayesema Waskoti hawana nafasi kwenye harusi zetu amechelewa kuliko hata bwana harusi wa mwaka jana, yule aliyekwama kwenye tope.

Nije sasa kwenye ulimwengu mpana, maana mimi ni mtu wa ulimwengu mpana. Mombasa, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, vijana wa ngoma ya beni waligawanyika katika vyama hasimu, Kingi na Skochi. Hao Skochi waliiga Waskoti hasa, kilti, yaani ile sketi ya wanaume wao, na gwaride, wakapita mitaa ya Waswahili huku wanawake wakiwashangilia madirishani. Terence Ranger ameandika kitabu kizima juu ya beni, mwaka 1975, na bado watu wa Pwani hawajafa kwa aibu. Uganda, Idi Amin aliwavalisha askari wake kilti, akawapigisha zumari hizi mbele ya wageni, naye akajitangaza Mfalme wa Uskoti. Huyo namtaja kama onyo. Hakuna kitu kinachonikera kama mtu anayejipa vyeo mwenyewe.

Oman, ambako ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili wanaishi kwa maelfu, marehemu Sultani Qaboos alisoma Sandhurst, akatumikia katika kikosi cha Waskoti cha Cameronians, akarudi nyumbani na mapenzi ya zumari. Leo wana wapiga zumari wanaopiga wakiwa juu ya ngamia. Juu ya ngamia, Bwana Mwenyekiti! Sisi tunabishana kama mtu anaweza kupiga akiwa amesimama kwenye murram.

Lakini ushahidi wangu mkubwa uko jirani. Nileteeni kiti.

Mwaka 1950 mtu mmoja anayeitwa Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Kapkatet, hapo tu, mnapopita mkienda Litein na mkirudi. Akawakuta wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa chepkong, kile kinubi chetu cha nyuzi, wimbo wa Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefariki mwaka 1933. Hakukanyaga Kericho hata siku moja. Sahani zake za santuri ndizo zilizokanyaga, na mabinti wa hapa wakamsikia, wakambatiza jina, wakampa mwili. Tracey aliandika kwamba walimwona kuwa nusu mtu nusu swala, na kwamba wimbo ulimwalika acheze, aruke, mpaka nguo zimtoke. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini miaka mingi, na mwaka 2015 zikarudishwa Kapkatet, wenyewe wakazisikiliza.

Sasa nifuatilieni. Mgeni anakuja na muziki wake. Hana miguu ya kawaida. Anacheza. Nguo ziko hatarini. Ndugu zangu, huyo ni nani kama si mtu aliyevaa kilti? Wasichana wa Kapkatet walimtabiri mpiga zumari wa Boito kabla ya bwana harusi huyu kuzaliwa. Wasomi wenzangu hawajaliona hilo. Sishangai, hawakunishirikisha.

Kelele za kogo, yule bibi yetu wa pale kona, zimenifikia. Anasema Chemirocha alipendwa kwa sababu wasichana walimgeuza kuwa wao, wakamwimba kwa lugha yao na kwa chepkong, hawakumwita aje alipwe. Kogo, ahsante. Hoja hiyo ni nzuri kiasi, na nitaitumia katika hotuba yangu nyingine bila kukutaja.

Sasa utaratibu wenyewe, na hapa naomba ukimya wa kitaaluma.

Mpigaji awe mbele ya msafara wa bibi harusi, kuanzia kituo cha kununulia majani hadi mlango wa kanisa. Hapo ndipo mahali pake hasa, kwa sababu ni nje, watu wanatembea, na sauti ina pa kwenda. Atatembea kwa hatua za taratibu za gwaride, mtawaona watoto wakimfuata, na magari ya harusi yatafuata watoto. Madereva wasipige honi. Najua nimesema jambo lisilowezekana, lakini liingie kwenye kumbukumbu. Kwenye kona ya matope asijaribu kuruka. Soksi zake ni nyeupe na ndefu mpaka magotini, na murram yetu haina heshima kwa soksi.

Kanisani asiingie. Mchungaji, usinitazame hivyo, nipo upande wako. Kanisa lenu lina paa la mabati na madirisha madogo, na chombo hiki ukikisogelea kinapita desibeli 100. Kikipigwa ndani, hata waliookoka watarudi nyuma. Asimame nje ya mlango, apige wakati maharusi wanaingia na wakati wanatoka, katikati anyamaze kabisa. Na kwa familia zinazofuata mila, wakati majani ya segutiet yanafungwa mikononi mwa bibi na bwana harusi, asitikise hata kidole. Hapo hata mimi hunyamaza, nanyi mnajua inanigharimu nini.

Kuhusu kinanda. Yule kijana wa kinanda, simama uonekane. Keti. Kinanda chako kimewekwa mitetemo 440 kwa sekunde kwa noti ya A. Zumari hii, noti wanayoiita A huipiga karibu na 480. Mkipiga pamoja, kila mtu akiwa sahihi kwa upande wake, kutatokea sauti ambayo mbwa wote wa Mogogosiek watakuja kuichunguza. Ama upandishe kinanda chako kwa kile kitufe ambacho hujawahi kukigusa, ama upumzike, ule. Nashauri ule. DJ naye azime nyimbo za Emily Chepchumba mpaka zumari imalize, kisha akina mama warudi kwenye kucheza kwao. Sitaki mashindano. Zumari itashinda kwa sauti, Emily atashinda kwa watu.

Wimbo upi? Vijana wa ng'ambo watawaambia mpigaji apige Highland Cathedral, ndio wimbo wa kifahari wa harusi za Kiskoti. Ulitungwa mwaka 1982 na Wajerumani wawili. Nawaacha mtafakari hilo kila mara mtu atakapowaambia juu ya asili na utamaduni. Mimi napendekeza Amazing Grace. Kikosi cha Royal Scots Dragoon Guards kiliipiga kwa zumari hizi na mwaka 1972 ikaongoza chati za Uingereza. Noti zake zinaenea kwenye zile tisa, na hapa Boito kila mtu aliyewahi kuhudhuria mazishi anaijua. Ndiyo, Mchungaji, najua ni wimbo wa mazishi pia. Ndoa ina pande nyingi.

Mvua. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, karibu na msitu wa Mau, na kila mchumaji hapa anajua kwamba mchana ukishapita wingu hufika bila kubisha hodi. Zumari ya kiriba ina ndimi za mwanzi ndani yake, na mwanzi ukilowa bomba linajifunga au linapiga sauti isiyokuwemo kwenye mkataba. Unyevu hautoki mbinguni peke yake, hutoka pia mdomoni mwa mpigaji. Akipiga muda mrefu kiriba hujaa mvuke. Kwa hiyo apige kabla ya saa saba, kwa vipindi vifupi, robo saa au pungufu. Mmesema ibada inaanza saa nne. Nimehudhuria harusi za Boito. Ibada ikiandikwa saa nne, bibi harusi anasukwa nywele saa sita. Mpigaji aambiwe ibada ni saa mbili.

Hewa yenyewe ni nyepesi huku juu. Mtu aliyezoea kupiga usawa wa bahari atapiga ubeti mmoja kisha aanze kuona nyota. Nyie mnaona wanariadha wetu wanakimbia mkadhani pumzi huota kama majani chai. Afike siku mbili kabla, azungushwe mashambani, apandishwe kilima cha kiwandani.

Na asipewe mursik, maziwa yetu ya mgando, kabla ya kupiga! Akina mama, nawajua. Mgeni akiketi, kibuyu cha sotet kinafika kabla ya salamu kumalizika. Mursik ina mkaa wa mti wa senetwet, ina mafuta, inabaki mdomoni, na kutoka mdomoni inaingia kwenye bomba, na kutoka kwenye bomba haitoki tena. Mpeni baada ya kazi, kibuyu kizima akitaka. Kuhusu wiski, ambayo kwa mila za kwao mpigaji hupewa akimaliza, nimemwona Mchungaji akifungua daftari lake, kwa hiyo naruka.

Tumefika kwenye kilti. Nilijua tutafika, kwa sababu meza ya akina mama imekuwa ikicheka tangu nilipotaja soksi. Swali lenu nalijua, na dunia nzima huliuliza. Katika vikosi vya Waskoti mila ni kwamba chini ya kilti hapavaliwi kitu. Mimi, kwa mamlaka niliyo nayo, nafuta mila hiyo katika eneo lote la Konoin. Upepo wa Boito si wa gwarideni. Na mtu huyu ataletwa na boda boda kutoka Litein, ameketi nyuma, mizigo mapajani, matuta kila mahali. Avae kaptura. Nyeusi, ndefu, ya kufunga kwa kamba. Mbele atakuwa na kile kijikoba cha manyoya kinachoning'inia kwenye mkanda, na wazee wasikiguse kuuliza ni mnyama gani. Nyie wenyewe mna sambut za ngozi, hakuna Mskoti anayewaingilia.

Maswali. Moja moja, tafadhali.

Mama wa bibi harusi anauliza kama wakwe zake wa Kimulot watadhani ni dharau. Hapana, mama. Watadhani ni gharama, na katika harusi hiyo ndiyo heshima.

Kijana anauliza kama haitoshi kuita zumari ya Pwani, ile ya Lamu na Mombasa, ambayo mpigaji hupuliza kwa mdomo huku akivuta pumzi kwa pua, mashavu yake ndiyo kiriba. Inatosha, na ni nzuri, na mpigaji wake huvaa suruali. Lakini bwana harusi ameomba ya Glasgow, na yeye ndiye anayetuma pauni.

Mama Mweka Hazina anauliza mpigaji mwenyewe atapatikana wapi. Suala hilo ni la utekelezaji. Mimi ni wa sera.

Mtoto wa sare ya shule, sijui nani amemruhusu kuingia, anauliza kama nimewahi kuisikia zumari hii kwa masikio yangu, si kwenye simu. Bwana Mwenyekiti, swali hilo liko nje ya ajenda, na pia ni kinyume cha malezi.

Kogo anauliza tena. Kogo anauliza huyu mtu akipiga na watu wakampenda, wakamwambia arudie, atajua kusimama? Kogo, ninavyoifahamu elimu hii, kuanza ndiko kugumu. Mpigaji hukigonga kiriba, mabomba yanaunguruma, filimbi inafuata, na yasipoingia pamoja hutoka mlio wa nguruwe aliyekanyagwa. Kusimama ni kuondoa mkono tu. Wanaoshindwa kusimama ni wanaohutubu, na nimeelewa ulichomaanisha.

Basi nafika kwenye salio. Ada ya ushauri ni shilingi 15,000, bila kuhesabu chakula. Mama Mweka Hazina anasema kamati itanilipa bonasi ya chai ikitoka. Bonasi, mama? Bonasi hutoka Oktoba, na harusi ni Agosti! Anasema anajua. Anasema pia kwamba nikitaka haraka kuna gunia la majani mabichi nyuma ya jiko, nilipeleke mwenyewe kituoni kabla karani hajafunga mizani.

Linafika kilo ngapi?